Ndani ya Dubwana

Watoto wa mtaa mzima walimwita Mama Dubwana, ingawa hakuwa na mtoto, na hilo Dubwana lenyewe hakulizaa, alilivaa tu. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, wa miaka arobaini na kitu, mwenye shingo iliyokomaa kwa kazi. Kabla ya filamu alikuwa akibeba magodoro katika karakana ya mjomba wake, na baada ya filamu alirudi kubeba magodoro. Katikati hapo, kwa msimu mmoja wa jua kali, alikuwa kiumbe kinachopendwa kuliko vyote katika nchi isiyokuwemo kwenye ramani yoyote.

Hakuingia humo kwa kuitafuta kazi. Filamu ile ya kwanza ilianza kimaskini. Mwongozaji, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alifika karakana kununua sponji, akaishia kumwomba mjomba, ambaye ni fundi magodoro, amshonee zimwi la kale lenye pembe na manyoya. Mjomba hakuwa amewahi kushona zimwi, lakini pia hakuwa amewahi kumkatalia mteja.

"Mradi lina mgongo na tumbo," alisema, "hilo ni godoro tu lenye miguu."

Akakata sponji, akavisha manyoya ya bandia ya rangi ya kahawia, akachonga pembe za mbao nyepesi. Kijana aliyeajiriwa kulivaa, mrefu, mtu wa mazoezi ya viungo, alizimia kwa joto siku ya kwanza akatolewa miguu ikiburuta. Mjomba alikuwa hapo, na wasiwasi wake ulikuwa mmoja tu: mshono.

"Hebu ingia humo, mpwa wangu," alisema. "Tembea kidogo nione kwapa linashika au linaachia."

Akaingia. Ndani mlikuwa na giza, mkinuka gundi, na tundu la kuonea lilikuwa dogo kiasi cha kuona vidole vya miguu yake mwenyewe na si zaidi. Hilo halikumsumbua. Mtu aliye chini ya godoro la futi sita naye haoni zaidi ya hapo. Akatembea kama alivyotembea miaka yote, magoti yamelegea kidogo, unyayo ukiuliza ardhi kabla ya kuikabidhi uzito, shingo imetulia. Mwongozaji alikuwa anakunywa chai. Akakiweka kikombe chini, kwenye vumbi.

"Huyo asivue," alisema.

Kuinama kulikuja baadaye, na hakukuwa kwenye maandishi ya filamu. Mwigizaji aliyekabiliana na Dubwana alikuwa msichana wa miaka tisa, aliyeigiza yatima aliyepotea, na alikuwa na sauti ndogo. Kichwa cha Dubwana kilijaa sponji hadi masikioni. Aliyekuwa ndani alipaswa kuinua mkono msichana amalizapo kusema, na hakuwa akisikia lolote. Basi akafanya lile ambalo mwili wake ulilijua. Alishusha bega la kulia, kisha akageuza kichwa kando, akalipeleka sikio hadi karibu na mdomo wa mtoto, akangoja.

Kwao wote waliinama hivyo. Baba yake alikuwa mtangazaji wa kituo cha treni. Kwa miaka mingi sauti yake ndiyo iliyowaambia watu wapande lini na washuke wapi, na wapo waliokuwa wakiweka saa zao kwa kumsikia. Halafu koo likaugua, kisu cha daktari kikaingia, na kilichobaki ni mnong'ono, kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili. Aliyekaa na mzee yule alijifunza kusimama, kushusha bega na kutoa sikio. Hata wageni walizoea. Mdogo wake Mama Dubwana, mshonaji wa sare za shule na mwenye ulimi usiolala, alikuwa akisema, "Sisi ni ukoo wa twiga wanaokunywa maji."

Filamu ilipotoka, watu walikuja, kisha wakaja tena na ndugu zao. Wenye elimu waliandika sababu. Mmoja alisema Dubwana ni alama ya mababu tuliowasahau. Mwingine alisema ni kwa sababu wakati wa shida watu hupenda kuangalia shida ya nchi nyingine. Watoto hawakuulizwa. Wao, wakati wa mapumziko shuleni, walishushiana mabega na kupeana masikio na kuambizana siri, na watengenezaji wa vinyago vya nguo wakalishona Dubwana likiwa limepinda shingo, maana lililosimama wima halikununuliwa.

Mzee alikwenda kuitazama mara moja, katikati ya binti zake wawili. Kazi hiyo hakuwa ameipenda. Aliwahi kusema kwamba kazi ya kuficha uso haisimuliki. Yeye walau watu walijua sauti ni ya nani. Walipotoka alisimama kwenye ngazi, na binti zake wakainama.

"Nilikuona," alisema, "ulipoinama."

Yule mkubwa aliyachukua maneno yale mawili akayahifadhi kama watu wanavyohifadhi dawa, mahali pa juu, kwa siku ya ugonjwa.

Miaka ikapita, na fedha zikaja. Filamu ya pili haikupigwa kwenye ghala bovu la mbolea kama ya kwanza, ilipigwa kwenye kumbi nne zilizojengwa kwa kazi hiyo, zenye walinzi langoni na chakula cha moto kwa kila mtu. Mwongozaji alikuwa yule yule, ila miwani mipya. Juu yake sasa alikuwepo mtayarishaji, mwanamume wa sauti laini, anayenukia vizuri, ambaye hakuwahi kuonekana amekaa.

Mama Dubwana aliitwa. Alikwenda na begi lake lenye taulo na zile fulana mbili za pamba alizokuwa akivaa ndani ya manyoya. Wakampeleka kwenye chumba chenye baridi, mbele ya kioo kikubwa cha kompyuta, na msichana wa picha, ambaye alikuwa na umri wa kuweza kuwa mwanawe na kucha zilizotafunwa, akabonyeza kitu.

Dubwana likasimama. Lilikuwa kubwa mara mbili ya lile la mjomba. Kila unywele ulitikisika kivyake. Lilipovuta pumzi, mbavu zilipanda chini ya ngozi. Lilikuwa zuri, yeye hakuwa mtu wa kukana jambo analoliona kwa macho.

"Nani yumo ndani?" aliuliza.

"Hamna mtu, mama," msichana wa picha alisema kwa upole. "Hili halina ndani."

Mwendo wake, walimweleza, unatoka kwa mcheza dansi, aliyevalishwa nguo ya kubana yenye vidoti vyeupe, ambavyo kompyuta huvifuata, katika ukumbi mwingine. Yeye alikuwa amepangiwa kazi nyingine. Mwongozaji alikuwa ameitafuta mwenyewe, kwa haya au kwa wema, na huenda hata yeye hakujua kwa lipi. Ilikuwa kazi ya kushika fimbo. Fimbo ndefu, nyepesi, ya chuma cheupe, na juu yake mpira mwekundu, na juu ya mpira mtu fulani alikuwa amechora macho mawili kwa kalamu. Mpira ndipo yatakapokuwa macho ya Dubwana. Waigizaji waangalie hapo. Baadaye kompyuta itamwondoa yeye na fimbo yake na kuweka zimwi mahali pao.

"Kwa hiyo nitafutwa."

"Usijali, tunafuta vizuri," msichana alisema. "Hata kivuli hakibaki."

Aliikubali kazi. Alidhani kuisema nyumbani kutakuwa rahisi, na pengine kungekuwa rahisi kama angesema yeye kwanza. Lakini jioni ile alipoingia, baba yake alikuwa dirishani amemgojea, na kabla hajavua viatu mzee akamnyooshea kidole cha kumwita. Akainama.

"Kichwa cha safari hii," mzee alinong'ona, "ni kizito?"

"Kiasi, baba," alisema.

Maneno mawili. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilimchukua msimu mzima. Kesho yake mzee alimwambia kinyozi, na ukimwambia kinyozi umeuambia mtaa. Watoto wakamgojea kona ya karakana waulize kama sasa anatema moto. Mzee akatoa sandukuni koti lake la kituo, lenye vifungo vya shaba, akawa anavisugua kimoja kimoja. Atalivaa siku ya onyesho la kwanza, alisema. Hakuwa amelivaa tangu siku ile sauti yake ilipotangaza treni ya mwisho.

Mdogo wake ndiye pekee aliyejua.

"Mwambie."

"Nitamwambia."

"Lini, dada? Akishakaa kwenye kiti anakutafuta?"

"Pengine hataona tofauti. Ni giza mle, na macho yake si yale."

"Baba? Baba anayejua nani kaingia nyumbani kwa jinsi anavyovua viatu? Haya. Mimi simo. Ila siku hiyo nikae pembeni, usinikalishe katikati yenu, sitaki kuangukiwa na ukuta."

"Kushika fimbo nayo ni kazi."

"Nani kasema si kazi? Waliolinda bustani kwa fimbo ni wengi. Lakini hakuna aliyewaambia watu yeye ndiye tembo."

Ukumbi wa kupigia picha ulikuwa wa kijani mtupu, kuta, sakafu, hata masanduku ya kukalia, kijani cha kuumiza macho ambacho kompyuta ingekigeuza milima, na katikati ya kijani hicho watu walipigana kwa panga na hewa. Msichana wa filamu ya kwanza alikuwa na miaka kumi na tatu sasa. Alikuwa amerefuka na sauti imekua, na walilazimika kuliongeza Dubwana kimo kwa sababu hiyo pia, asije akalifikia mabegani. Siku ya kwanza alikuja mbio.

"Shikamoo, Dubwana!"

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mrefu!"

Msichana aliitazama fimbo kutoka chini hadi juu. "Na wewe umekonda," alisema, na wakacheka wote wawili hadi msimamizi wa ukumbi akawapigia kelele.

Msimamizi huyo ndiye aliyempa jina jipya. "Mama Fimbo! Juu! Juu hapo!" Maana fimbo ilikuwa na tabia. Kila msichana alipofungua mdomo kusema, mpira ulianza kushuka wenyewe, ukielekea kando, kama tunda lililoiva. Mwenye fimbo hakukusudia. Mkono ulikuwa na mazoea yake, na mazoea yana tabu. Wakasimamisha kamera mara ya kwanza, ya pili, na nyingine, na mtayarishaji akaja mwenyewe, akasimama karibu, akasema kwa ile sauti yake laini:

"Mama yangu, naomba uelewe. Safari hii ni mfalme. Mfalme hainami."

Halikuwa wazo lake peke yake. Watu walikuwa wameulizwa wanataka nini katika filamu ya pili, maelfu ya watu, na wakajibu: Dubwana liwe kubwa zaidi, vita viwe vingi zaidi, moto uwepo. Hakuna aliyesema anataka liiname, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba kuinama ni kitu kinachoweza kuondolewa. Mtu akiulizwa anataka nini nyumbani kwake hutaja kochi jipya. Hasemi anataka mlango.

Basi akajifunza. Alikibana kiwiko kwenye mbavu, akaacha kumtazama msichana usoni, akatazama utepe uliobandikwa sakafuni kuonyesha mahali pa kusimama. Fimbo ikatulia. Jioni alikwenda nyumbani na kwapa linauma, na baba akimuuliza habari za kazi alisema nzuri, na hilo walau lilikuwa kweli kwa asilimia fulani.

Siku ya daraja ilikuwa ya mwisho. Walikuwa wamejenga nusu ya daraja kwa mbao za kweli, lililokatika, na mbele yake kijani. Hapo yatima, ambaye sasa ni askari, anaagana na Dubwana. Mashine za upepo zilikuwa tatu, kubwa kama milango ya ghala, na zikiwashwa hakuna aliyemsikia jirani yake. Mwongozaji alimwambia msichana aseme maneno yale kama mtu asiyetaka yasikike. Kazi ya fimbo ilikuwa ndogo: msichana akimaliza tu, mpira ugeuke kulia, Dubwana linaondoka.

Upepo ukawashwa. Nywele za msichana zikaruka, moshi ukapita, midomo yake ikaanza kusema. Mama Dubwana alitazama utepe sakafuni. Halafu akagundua kuwa hasikii neno, na kwa hiyo hatajua ni lini amemaliza, na ikiwa hatajua atamharibia mtoto machozi yake. Akainua macho amtazame mdomo. Kuanzia hapo hakufikiri tena. Bega la kulia likashuka, fimbo ikalala kando, mpira ukateremka taratibu hadi usawa wa kidevu cha msichana, na macho ya msichana, yaliyofundishwa kuufuata mpira popote, yakateremka nao. Alisema yote hapo, chini, kwa kitu kilicho karibu. Alipomaliza, mpira uligeuka kulia.

Hakuna aliyepiga kelele. Msimamizi alikuwa anahangaika na moshi. Mwongozaji alikuwa anamtazama msichana kwenye kioo chake kidogo, na alichoona hapo kilimtosha. Alivua ile miwani mipya akaifuta. Mara moja tu, akasema, imetosha, haturudii. Watu wakapiga makofi. Mwenye fimbo naye alipiga makofi, fimbo ikiwa imebanwa kwapani, kwa kuwa hakujua kama kuna alichofanya.

Alijua baadaye, alipoitwa tena kwenye chumba cha baridi. Mtayarishaji alikuwepo, amesimama. Msichana wa picha akabonyeza, na kwenye kioo Dubwana likasimama kwenye daraja, refu, limenyooka kama mnara, macho yake yakitazama mbali juu ya milima. Chini yake msichana alilia na kusema kwaheri akikitazama kitovu chake.

Mtu mmoja nyuma alishindwa kujizuia, akacheka puani.

"Mama," mtayarishaji alisema, "fimbo ilikuwa wapi?"

Aliyatazama macho ya mtoto kwenye kioo, yaliyolowa, yameelekezwa kwa imani yote mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Nilikuwa simsikii," alisema.

"Fimbo haisikii. Fimbo inasimama."

Waliongea wenyewe kwa wenyewe. Kupiga upya hakuwezekani: daraja lilikuwa limeshavunjwa, na msichana alikuwa ameshanyoa nywele, ameshaenda shule mbali, na kwa jinsi watoto wa umri ule wanavyokua, hata uso usingekuwa ule. Msichana wa picha alisema angeweza kukishusha kichwa, ila shingo ya Dubwana haikujengwa ikunjike, ni shingo ya mfalme, angelazimika kuifumua yote. Mtayarishaji alisema ni afadhali kipande chote kikatwe. Filamu ni ndefu hata hivyo. Kisha akamgeukia aliyekuwa bado amesimama na begi lake, akamshukuru kwa kazi, kwa adabu kabisa, na akamfungulia mlango. Alipotoka aliona, kwenye kioo kidogo pembeni, filamu ya kwanza imesimamishwa katikati: Dubwana la mjomba, kwapa limefumuka kidogo, limeinama. Hakujua kama wanalitazama kwa kazi au kwa kicheko.

Akarudi kwenye magodoro. Nyumbani alisema sehemu yake imekwisha.

Tiketi tatu zililetwa na mwongozaji, ndani ya bahasha isiyo na maneno. Jioni hiyo mzee alivaa koti. Lilimpwaya mabegani, lakini vifungo viling'aa, na kinyozi alikuwa amemnyoa bila kumtoza. Mtaa ulitoka milangoni kumtazama akipita na binti zake. Watoto waliimba. Pale kwenye kizingiti, kabla hawajatoka, binti mkubwa alikuwa amepiga moyo konde.

"Baba, kuna jambo nataka kukuambia."

Mzee aliinua mkono, akagonga saa yake kwa kidole. Mtu wa treni hachelewi. Wakaondoka.

Walikaa hivi: mdogo pembeni na bisi zake, mzee katikati, mkubwa upande wa pili. Taa zikazimwa. Muziki uliingia kifuani badala ya masikioni, na ukumbi ukaanza kutikisika. Dubwana lilipotokea mara ya kwanza, likipanda kutoka nyuma ya mlima huku moto ukianguka kwenye manyoya yake, watu wote walivuta pumzi kwa pamoja. Mzee aligeuka akasema kitu.

Akainama. "Unasemaje, baba?"

Midomo ilisogea tena. Ngoma za vita zikameza vyote. Akaweka sikio hadi likagusa ndevu zake, na bado ilikuwa kama kusikiliza karatasi ikikunjwa barabarani. Mzee akapunga mkono: basi, acha.

Tangu hapo hakuitazama filamu. Alimtazama baba yake, na mwanga wa moto na theluji ukimpita usoni. Kila Dubwana lilipotokea, mzee alisogea mbele kidogo, na lilipoondoka alirudi nyuma. Aliwahi kuuona uso ule zamani, si kwa baba bali kwa watu wa kituoni: mtu aliyekuja kumpokea mgeni, na treni imesimama, na watu wanashuka mmoja mmoja na mabegi yao, na kila anayeshuka si wake.

Na filamu ilikuwa nzuri. Ingekuwa kosa kusema vinginevyo. Watoto walipiga mayowe, wakubwa walishika viti, bisi zilimwagika. Vita vilikuwa vingi zaidi na moto ulikuwepo. Watu walikuwa wamepewa walichoomba na walikuwa wanakula kwa shukrani.

Kisha likaja daraja.

Hawakulikata. Upepo ulivuma, na muziki, kwa mara ya kwanza jioni ile, ukanyamaza. Msichana alisimama kwenye mbao zilizokatika na kuanza kusema kama mtu asiyetaka asikike. Dubwana lilikuwa juu, mnara. Kwa kitambo halikufanya lolote. Halafu bega la kulia likashuka, zito, kama la mtu anayeingiza godoro kwenye mlango mfupi, kichwa kikageuka kando juu ya shingo ambayo mtu alikuwa ameifumua upya, kikateremka, kikateremka tena, hadi sikio lile kubwa lenye manyoya likafika kwenye mdomo wa mtoto. Likangoja.

"Linamsikiliza!" mtoto mmoja alisema nyuma yao, kwa sauti ya mtu aliyeona mama yake sokoni. Hakuna aliyemnyamazisha.

Magazeti baadaye yangekisifu kipande kile kuliko vita vyote, na mtayarishaji angeeleza kwamba ni matunda ya kuwasikiliza watazamaji, na kwamba katika filamu ya tatu Dubwana litainama tangu mwanzo hadi mwisho. Mcheza dansi alikuwa ameshaanza kufundishwa. Mwanamke aliyekaa kando ya mzee hayo hakuyajua bado, na alipoyajua hayakumkera sana. Wakati ule alisikia maumivu ya shingo, pale pale pa zamani, akamgeukia baba yake. Mzee alikuwa amesogea mbele hadi ukingo wa kiti. Midomo yake ilikuwa inasogea. Hakutazama kama kuna anayemsikia.

Walipotoka, watu walijazana kwenye ukumbi wa mbele kupiga picha na sanamu ya Dubwana iliyofika dari. Mdogo alikwenda kutafuta usafiri. Mzee alikuwa amechoka. Akakaa kwenye ngazi za nje, koti likimkunjamana, na binti yake akakaa ngazi ya chini yake.

"Baba, mimi sikuwamo."

Mzee alimtazama.

"Safari hii halina mtu ndani. Mimi nilishika fimbo. Fimbo ya chuma ina mpira juu, ili waigizaji wajue pa kuangalia. Halafu wakanifuta. Nilitaka kukuambia tangu siku ile uliponiuliza kichwa kama ni kizito."

Mzee hakuonekana kushangaa. Alikuwa anafungua kifungo cha juu cha koti, kwa taabu, na ilimchukua muda. Kisha akanyoosha kile kidole, na binti akashusha bega, akatoa sikio.

"Mwanzoni kabisa," mzee alinong'ona, "nilikuambia: yule siye."

"Sikukusikia. Ngoma zilikuwa nyingi."

"Najua."

"Na pale darajani? Nilikuona unasema. Pale ulisema nini?"

"Pale sikuwa nasema na wewe." Alipumzika, kama alivyolazimika kupumzika kati ya maneno. "Pale nilikusalimu."

Alitaka kusema kwamba hata hilo hakulisikia, kwamba alikuwa kando yake muda wote na hakusikia, lakini mzee alikuwa bado hajamaliza, na aliyezoea kukaa naye alijua kungoja.

"Yule alisikia," mzee alisema. "Aliinama."

Mdogo alikuwa anawapungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, akiuliza kwa sauti hao twiga wamemaliza kunywa maji au vipi, gari linasubiri. Walinyanyuka. Njiani mzee aliuliza fimbo ile ilikuwa na urefu gani, na uzito gani, na nani alichora macho kwenye mpira, na binti yake akamweleza yote, kwa sauti ya kawaida, mpaka nyumbani.